Ngoma ya Kuonekana Ndani

Watu wa Ibaba ndio waliotufanya tutafute ngoma ya plastiki. Mpaka leo nikisikia mtu anasifu Ibaba kwa viazi vyake, nakubali viazi, ila na watu wake bado nina neno. Tulikwenda huko kwa sherehe za Saba Saba, sisi bendi ya kijiji cha Ruanda: magitaa mawili, ngoma kubwa, na mimi kwenye snea, ile ngoma ndogo iliyolazwa ambayo chini yake hupitishwa waya ili kila pigo litoke na mkwaruzo. Snea yangu ilikuwa kazi ya baba. Aliichonga kwa mninga, akaiwamba ngozi ya mbuzi, na waya zake zilikuwa za breki ya baiskeli. Tulipoanza kupiga, watu waliihama bendi ya wenyeji wakaja kwetu wote, hata wauza togwa. Ndipo maneno yakaanza kwamba ndani ya ile ngoma kuna dawa.

Siku zile hilo halikuwa jambo la kucheka. Bendi ikipendwa kupita kiasi, ilikuwa rahisi zaidi kuamini hirizi kuliko mazoezi. Wenyeji wakadai ngoma ifunguliwe hadharani, na mtu wa kamati, badala ya kuwanyamazisha, akasema sawa, ifunguliwe tumalize ubishi. Kijana wao mmoja akachomoa kisu, akaipasua ngozi ya baba kutoka ukingo hadi ukingo. Ndani hamkuwa na kitu ila vumbi la mbao. Waliocheka wakacheka, hakuna aliyeomba radhi, sherehe ikaendelea. Baba alikuwa amekaa hatua chache tu kutoka pale, kando ya moto wake. Aliinuka, akaichukua ile ngozi iliyochanwa, akaikunja na kuiweka kwapani.

Lazima niueleze huo moto, maana kisa chote kimo humo. Kwetu ni nyanda za baridi. Ngozi ya ngoma hunywa ukungu ikalegea, ukiipiga inalia kama unapiga unga uliokandwa. Kwa hiyo kila bendi na kila kikundi cha ngoma kilikuwa na mpasha ngoma, mtu mzima mwenye sikio, anayekaa na makaa yake pembeni na kuzipitisha ngoma juu ya joto mpaka zikaze. Na kwetu dansi la vijana halikuwa mahali pa mzee. Mtu mwenye wakwe, aliyekaa benchi la mbele kanisani, hawezi kwenda kusimama akitazama vijana wanakata viuno. Atasemwa mpaka achoke. Lakini mpasha ngoma ana kazi yake. Amekaa penye moto, hakuna wa kumuuliza anatafuta nini.

Hivyo ndivyo baba yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alivyozunguka na sisi nyuma ya lori la ushirika. Mama alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa wawili, na maneno yetu yalikuwa machache: mvua, miche, ng'ombe kalala wapi. Ila pale kwenye moto alikuwa mtu mwingine. Alikuwa akiigonga ngoma kwa kidole karibu na ukingo, akasikiliza, akaizungusha kidogo, akagonga tena, kisha akanikabidhi na kusema, "Sasa inasema." Hilo tu. Mimi nililisubiri neno hilo kuliko makofi ya uwanja mzima.

Baada ya aibu ya Ibaba, kiongozi wetu, mpiga gitaa aliyekuwa akifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa kahawa, alirudi kutoka Tunduma macho yamemtoka. Alikuwa amekutana na mwanamuziki wa upande wa pili wa mpaka, mtu aliyepiga miaka mingi kwenye miji ya migodi ya shaba mpaka bendi yake ikasambaratika. Sasa alikuwa anauza vyombo. Na miongoni mwavyo kulikuwa na snea ambayo mwili wake wote ni kama kioo cha dirisha, unaona mpaka upande wa pili.

"Watu wa Ibaba watachungulia mpaka shingo ziume," alisema.

Tukachangishana maharage kijiji kizima, maana upande ule walikuwa wanayataka, tukashuka Tunduma. Baba tulimchukua kwa ajili ya sikio lake.

Yule mwanamuziki alitupokea uani, nyuma ya duka la nguo. Alikuwa na snea mbili. Ya kwanza ilikuwa ya bati, inang'aa kama sufuria mpya, na ukiigonga sauti yake inabaki hewani ikizunguka. Kiongozi wetu aliipenda papo hapo, kwa sababu anapenda kila kinachong'aa. Ya pili ndiyo ile. Mwenyewe aliiita akriliki, plastiki ngumu. Nilipoipiga, sauti ilitoka nene na kavu, ikafika na kwisha hapo hapo. Ilikuwa na nguvu, haina kelele za ziada. Ukiinama unaziona waya zikitetemeka chini. Nikaipiga tena.

Kisha akatoa ngozi za plastiki za juu, maana ile iliyofungwa hapo juu ilikuwa yake ya kujaribia tu, na ngoma aliiuza mwili pamoja na ngozi nyembamba ya chini peke yake. Kulikuwa na moja angavu kama maji, moja nene yenye doa jeusi katikati, na moja nyeupe iliyokwaruza kidogo ukiipapasa. Akazifunga moja baada ya nyingine, na baba akawa anasikiliza ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama yuko kanisani. Ile angavu ilimfanya akunje uso. Ile ya doa jeusi alisema ni ya mtu mwenye hasira. Ilipofungwa ile nyeupe, alisogea, akagonga kwa kidole karibu na kila skrubu, akaizunguka yote.

"Hii," alisema. "Ukiipiga kwa nguvu inavumilia, ukiigusa tu inajibu."

"Ee mukwai," yule mtu alisema kwa lugha ya kwao, akampigia makofi mepesi ya heshima. "Mzee anasikia. Hiyo mvua si kitu, ukungu si kitu. Haitaki moto hata kidogo. Moto, awe, hapana."

"Basi hata kuni hatubebi tena!" kiongozi wetu akachekelea.

Mimi nilimtazama baba. Alikuwa anaipapasa ile ngoma na kutabasamu. Lakini mimi sikuona tabasamu, niliona mzee anayeachishwa kazi. Bila moto hana kiti. Bila kiti hapandi lori. Nikamwona amebaki nyumbani kila jioni ya sherehe, peke yake na ng'ombe, na roho iliniuma hata ile furaha ya ngoma ikanitoka.

Tukiwa njiani kurudi na ile ngoma ya kioo, tumekaa juu ya magunia, nilimwambia, "Baba, ile nyeupe mimi sijaizoea. Naomba uiwambe ngozi yako pale juu."

Alinitazama kidogo. "Ngozi? Kwenye hii?"

"Bila ngozi yako mimi sijisikii nikipiga."

Lori likapanda mlima wote. Kisha akasema, "Haya. Kama ndivyo unavyotaka." Mimi nikafurahi, nikajiona mtoto mwenye akili. Ile ngozi nyeupe kiongozi wetu aliipeleka bendi nyingine, ikatuletea nyuzi za gitaa.

Sijawahi kumwona baba akihangaika na ngozi kama alivyohangaika na ile. Alichagua ya mbuzi mchanga, akailoweka kwenye majivu mpaka manyoya yakaachia, akaikwangua mpaka ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia sukari. Alipinda waya mnene kuwa pete, akaikunja ngozi juu yake ikiwa mbichi, akaifunga na kuziacha skrubu zikiwa zimelegea. Kila siku ilivyokauka alizilegeza tena. "Ngozi ikikauka inavuta," alisema, "na ngoma hii ubavu wake ni laini." Ile ya plastiki ya chini hakuigusa kabisa. Alisema waya zinataka kitu chembamba na hicho kilichopo kinatosha.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri mno. Tulipiga Ruanda kwenye jua kali na watu wakaja kuchungulia, wazee wakiinama na mikono magotini, watoto wakibandika pua. Mama mmoja alitazama chini, akatazama juu, akasema, "Haya, ngomani hamna. Basi dawa wameihamishia kwenye vijiti." Uwanja ukaangua kicheko, na baba alicheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa na makaa yake, ngoma akaipasha kidogo tu kwa mbali, zaidi ili aonekane ana shughuli. Nilipomwona pale nikajipongeza tena.

Kisha tukaitwa Ikinga kwa sherehe za Uhuru. Mwezi wa kumi na mbili huko milimani huhitaji kuambiwa, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ilipokatika ukungu ukashuka ukakaa juu ya uwanja. Ngozi ililegea ikawa kama shuka. Baba akawasha moto chini ya paa la stoo ya pareto, akaishika ngoma juu sana, kifudifudi, akiizungusha polepole kwa mikono miwili. Alikuwa na subira ya ajabu. Mgeni rasmi akafika, watu wakaanza kupiga miluzi, na kiongozi wetu akaja mbio.

"Mzee, isogeze karibu!"

"Haipendi moto," baba alisema. "Subirini."

"Tutasubiri mpaka kesho? Watu wanatuzomea!"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na vijiti mkononi. Baba aliniangalia mimi, si kiongozi. Sikusema isogeze, wala sikusema iache. Akaishusha kidogo, akaigonga, bado. Akakaza skrubu kidogo, akaishusha tena. Ngozi ilianza kuitika, sauti ikapanda vizuri, na nikamwona anafungua mdomo kusema lile neno lake. Badala yake tukasikia mlio mkavu. Ufa ulitoka kwenye tundu la skrubu ukashuka mpaka chini, halafu mwingine pembeni yake, na ubavu wa ngoma ukafunguka mikononi mwa baba.

Wale waliokuwa karibu waliona kila kitu. Walio mbali wakauliza kuna nini, wakaambiwa mzee kapasua ngoma, wakacheka. Niliwachukia wote, na mvua yao, na mgeni wao rasmi. Tulipiga bila snea, tukapiga vibaya. Baba alibaki pale stooni akijaribu kuvikutanisha vile vipande, kana kwamba joto la mikono lingeviunganisha.

Kesho yake tulikuwa shambani tukipalilia kahawa, yeye mstari wake na mimi wangu. Sikuweza kuvumilia.

"Baba, ulijua haitafaa?"

"Nilijua tangu Tunduma. Si niliichagua ile nyeupe mimi mwenyewe?"

"Sasa kwa nini ulikubali ngozi?"

"Uliniomba." Alipiga jembe, akang'oa shina la nyasi, akalikung'uta. "Uliniambia hujisikii bila ngozi yangu. Ningekukatalia?"

Niliweka jembe chini. Nikamwambia kweli yote, kwamba ngozi sikuihitaji, kwamba niliogopa bila moto hatakuja tena pamoja nasi, kwamba nilitafuta njia ya kumpa kiti. Alisimama akaegemea mpini. Sijawahi kumwona baba ameduwaa namna ile.

"Kumbe ulikuwa unanitaka mimi?"

"Ndiyo, Baba."

"Ungesema hivyo. Ungesema, Baba twende. Wangenisema kanisani, basi, wangenisema. Ningekuja na kigoda changu."

Nilishika neno hilo kama mtu anayezama. Nikamwambia basi twende, Jumamosi tunapiga hapa hapa shuleni, tumeazima snea ya bati ya watu wa Vwawa, njoo na kigoda chako.

Alitikisa kichwa, tena kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa wa kuonewa huruma. "Sasa siwezi tena, mwanangu. Sasa kila atakayeniona pale atasema mzee kaja kutazama alichovunja." Kisha akarudi kwenye mstari wake.

Nilipiga miaka mingi baada ya hapo, mpaka uhaba wa mafuta ulipolisimamisha lori na bendi ikafa. Kila Jumamosi nilipotoka na vijiti vyangu nilimkuta ameketi mlangoni, na kila mara nilimwambia, "Baba, twende." Kila mara aliniambia niende salama. Kutoka kwetu hadi uwanja wa shule si mbali. Jirani aliniambia, siku tulipokuwa tumeshamzika, kwamba jioni tulizokuwa tunapiga mzee alikuwa akitoka mpaka ukingo wa shamba na kigoda chake, anakaa katikati ya miti ya kahawa mahali asipoonekana, na tukimaliza anarudi ndani kabla sijafika.