Siku Upepo Ulipogoma

Nilikuwa mwalimu wa lugha mjini Butembo, na kila mwaka niliandika ubaoni: katika ushairi, upepo ni shida za maisha. Mti unaopinda ni mtu mvumilivu, na kadhalika. Niliyaamini hayo kwa moyo wote, maana sikuwa nimeshika jembe tangu nilipotoka nyumbani.

Kisha vita vikasogea kijijini kwetu Musienene, nikaenda kumchukua mama. Majirani walikwisha kukimbia. Yeye nilimkuta uani, amemaliza kupiga maharage kwa fimbo, ungo mkononi, akingoja upepo upeperushe makapi. Hewa ilikuwa tuli, hata jani la mgomba halikutikisika.

“Mama, twende! Tubebe hivyo hivyo.”

“Tujaze gunia takataka, tuache mbegu? Hapana. Ngoja upepo ikuye.”

Nilikasirika, sifichi. Nilitaka kumbeba mgongoni kama gunia. Ndipo akakunja midomo akapiga mluzi, kuuita upepo. Kwetu mwanamke hapigi mluzi. Kwa kosa hilo yeye mwenyewe aliwahi kunichapa nilipokuwa msichana. Na sasa mama huyu wa rozari alipuliza bila aibu, milio ya bunduki ikisikika ng’ambo ya kilima. Nikajikuta nami napuliza.

Upepo ulikuja. Sisemi tuliuita sisi, nasema ulikuja. Makapi yakaruka, maharage yakabaki. Niliona haya kwa yale yote niliyofundisha, kwani siku ile shida yetu ilikuwa ule utulivu wa hewa. Tulijaza gunia dogo, tukashika njia ya Butembo kwa miguu.

Mama aliliweka gunia chini ya kitanda changu, akakataza mtu kuligusa. “Hii ni ya shamba,” alisema. Msimu wa kupanda ukafika, barabara ya Musienene imefungwa. Wa pili ukafika, vilevile. Kufikia hapo nyumba yangu ilijaa ndugu waliokimbia, na watoto wao walikuwa wakilia njaa.

Asubuhi moja mama alilivuta gunia mwenyewe, akateleka sufuria, akachochea moto. Nilielewa kwamba ameacha kutumaini kurudi, na moyo wangu ukavunjika.

“Mukule, batoto,” alisema.

Yeye hakugusa. Sisi tulikula mpaka tukakomba sufuria. Maharage yalikuwa matamu, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.