Njiwa Mgeni kwenye Banda la Makarius

Makarius hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukimgusia habari za njiwa ulikuwa umejitakia mwenyewe. Angekukalisha chini akueleze mpaka chai ipoe mkononi. Baba yake aliletwa Kilosa kutoka Unyamwezi kukata mkonge, manamba kama manamba wengine, akafia kambini bila kuacha shamba wala ng'ombe. Alichoacha ni jozi chache za njiwa na ujuzi wa kuwatunza. Makarius alivirithi vyote viwili, akawa mkali juu yake kuliko marehemu.

Ujuzi wenyewe haukuwa na uganga wowote. Kinyesi kikwanguliwe bandani kila asubuhi kabla hakijakauka. Maji ya jana yamwagwe. Majivu yanyunyizwe kwenye viota ili utitiri usipate pa kuzaliana. Kinda likiachama na kuhema kwa shida, likamatwe liangaliwe kooni, na ukikutwa utando wa manjano ukwanguliwe taratibu kwa ncha ya unyoya, pakapakwa maji ya chumvi. Ndege akijikunyata pembeni, atolewe siku hiyo hiyo, akae kwenye tenga jikoni, anyweshwe maji ya shubiri. Lakini sheria iliyozipita zote ilikuwa hii: njiwa mgeni haingii bandani. Awe mzuri wa kupindukia, awe zawadi ya padri, anakaa peke yake kwenye tenga nyuma ya nyumba kwa mwezi mzima na zaidi, mpaka ijulikane kwamba anakula, ananya vizuri na shingo yake imenyooka. Baba yake aliwahi kupoteza kundi zima kwa mdondo, ugonjwa ule ule unaomaliza kuku, na mdondo ukishaingia hauna dawa. Unazuiwa mlangoni, au hauzuiwi kabisa.

Operesheni ya vijiji ilipofika, mwaka ule wa njaa, watu wa kambi walipakiwa kwenye lori na vitanda vyao na kushushwa upande wa Mvumi, mahali palipokuwa na vigingi tu na majani marefu. Makarius alipanda lori na matenga ya njiwa miguuni huku viongozi wakimcheka. Alijua njiwa hana habari na amri ya serikali. Ukimfungulia tu anarudi kwao. Kwa hiyo alijenga banda kabla hajamaliza kuezeka nyumba yake, akawafungia humo wiki nyingi mpaka walipozoea. Hata hivyo baadhi walitoroka. Mtu aliyepita kambini baadaye alisimulia kuwa aliwakuta wametua juu ya kuta zilizochomwa paa, wanazunguka wakitafuta mlango.

Haya yote angeyavumilia kwa mzaha kama si kifua cha Magreti, mkewe. Magreti alianza kukohoa kambini, na katika kijiji kipya akaanza kutema damu. Hospitali ya Kilosa walimwanzishia sindano na vidonge, na daktari akasema wazi kwamba bila chakula cha maana dawa peke yake haitamvusha. Ale nyama, ale mayai, anywe maziwa. Ni rahisi kusema. Mwaka ule watu walikuwa wanapanga foleni ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya manjano, na ng'ombe walikuwa wanasikika kwenye redio tu. Mayai Magreti aliyatapika. Ugali ule wa manjano ulimkaa kooni. Kitu kimoja tu kiliteremka na kubaki: supu ya kinda la njiwa, iliyochemshwa na chumvi kidogo mpaka nyama ikaachana na mfupa.

Basi hesabu ya maisha ya Magreti ikawa ndani ya lile banda. Njiwa wakitaga na kulea, yeye anakula. Akila, dawa inafanya kazi. Makarius alijinyima mtama wake akawapa ndege, na majirani wakanung'unika kuwa huyu Mnyamwezi analisha manyoya wakati watoto wa watu wanalala na njaa. Kila juma alimchinjia mkewe makinda, na baada ya miezi kadhaa Magreti akaweza kutoka nje mwenyewe na kukaa juani. Mashavu yalianza kurudi.

Aliyekuwa haondoki nyumbani kwao ni Siwema, Msagara wa pale pale, mjane mwenye ulimi usio na breki. Wanyamwezi na Wasagara ni watani tangu enzi za misafara, na Siwema aliuchukulia utani kama kazi ya kuajiriwa. Huko nyuma alikuwa akipita tu anachagua njiwa mnene, anamkwapua, anaondoka naye akicheka, na Makarius hana la kufanya, maana mtani hashitakiwi. Magreti alipougua, Siwema hakugusa tena hata unyoya. Alikuja kila siku kumsuka nywele na kumtukana mumewe.

"Shemeji Magreti, uliolewa na mtu au na ndege?" angesema. "Mwangalie. Njiwa wake wako jela, na yeye ndiye bwana jela. Mgeni akija anatiwa rumande nyuma ya nyumba!"

"Msagara mvivu wewe, nenda kalime," Makarius angejibu.

"Nikalime ili nani akutazame sura hiyo? Siku ukifa nitakuzika na kinyesi cha njiwa, kitoke kilimo bora."

Siku moja, Makarius akiwa kwenye shamba la kijiji na wenzake, Siwema alirudi kutoka gulioni Ulaya, kijiji cha huko huko Kilosa, na njiwa dume mweupe pe, miguu imejaa manyoya kama kavaa soksi. Alimnunua kwa muuzaji aliyewachanganya njiwa na kuku kwenye tenga moja. Akafungua banda, akamtia ndani, akakaa na Magreti kibarazani kumngojea mwenye banda. Makarius alipofika na jembe begani, alipigiwa vigelegele.

"Bwana jela, nimekuletea mkwe!" Siwema akapaza sauti, na majirani walikuwa wameshakusanyika. "Ametoka Ulaya huyu, si mtu wa kutiwa rumande. Nimemwozesha mwenyewe, kadhi ni mimi na mahari nimekula!"

Magreti alicheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu, na safari hii kicheko hakikuishia kwenye kikohozi. Makarius alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu kambini.

Alijua. Hakuna wa kusema kwamba hakujua. Mkono ulishaanza kuelekea kwenye mlango wa banda. Lakini kumtoa njiwa wa mtani mbele ya watu ni kununa, na anayenuna kwa mtani amejivua nguo mwenyewe. Isitoshe Magreti alikuwa anacheka. Akajiambia atamtoa kesho, watu wakishatawanyika. Kesho yake dume lile lilikuwa linaimba na kuzunguka jike, mkewe anamtazama na kutabasamu, akamwacha.

Haikuchukua muda. Yule mweupe alikuwa wa kwanza kuacha kula. Kisha majike wawili wakaonekana wanatembea kwa kuzunguka, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Makarius alipoona mmoja anageuza shingo mpaka kichwa kikawa juu chini, aliketi pale pale kwenye udongo. Halafu akainuka akafanya yote aliyofundishwa. Aliwatoa wagonjwa, akachoma viota, akakwangua banda mpaka mbao zikabaki nyeupe, akamwaga majivu na chokaa, akawanywesha shubiri na pilipili mmoja mmoja huku kinyesi cha kijani kikimchuruzikia mikononi. Alitembea mpaka mjini kwa bwana mifugo. Yule bwana alikuwa muungwana, hakumdanganya.

"Mzee wangu, kuna chanjo, lakini ni ya kumkinga aliye mzima," alimwambia. "Aliyekwisha kuugua hana dawa. Wazike kwenye shimo refu, uchome na banda. Na usimpe mtu hata mmoja."

Aliporudi walikuwa wamebaki wachache wa kuhesabika kwa vidole, wamejikunja na kutetemeka. Aliwakata vichwa mwenyewe, akawazika, akachoma banda. Magreti alikuwa amelala ndani akinusa moshi. Alielewa.

Makarius alisimama pale mbele ya moto mpaka ukazima. Ndipo akafanya jambo ambalo mpaka leo wanaosimulia wanashusha sauti. Alikwenda kwa Lupakisyo, balozi wa nyumba kumi, akamshitaki mtani wake.

Lupakisyo alidhani ni sehemu ya utani. Alimwita Siwema, watu wakajaa, kila mtu akiwa tayari kucheka. Siwema mwenyewe alikuja na mbwembwe zake.

"Haya, bwana jela, leo umekuwa na polisi?"

"Sitaki maneno yako," Makarius akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini na macho yamekauka. "Umeingiza ugonjwa kwenye banda langu ukijua nimekataza. Unaniulia mke. Nataka balozi akuhukumu kama anavyohukumiwa mwizi."

Watu wakangoja kicheko kinachofuata. Hakikuja. Lupakisyo alikuna kichwa, akatazama chini. Alisema yeye hajawahi kusikiliza kesi ya watani na hajui inaanzia wapi, lakini akaomba Makarius ayafute maneno yale, waende nyumbani. Makarius hakuyafuta. Na kilichomuumiza zaidi ni kwamba alijua, alipokuwa anamnyooshea yule mama kidole, kwamba nusu ya kidole hicho ilimwelekea yeye mwenyewe. Mlango aliuona uko wazi, akauacha kwa kuogopa kuchekwa. Hilo alishindwa kulitoa mdomoni.

Siwema alishika ncha ya kanga yake.

"Nimekoma," akasema. "Nilitaka acheke tu." Akaondoka.

Baada ya hapo Magreti alinyweshwa uji, na Siwema hakuonekana kibarazani. Nywele za Magreti zilifumuka na hakuna aliyezisuka. Makarius alizunguka vijiji akitafuta makinda ya kununua, akapata mara moja, mara nyingine asipate, kwani mdondo ulikuwa umeshapita kwa wengine pia. Mashavu yakarudi ndani. Masika yalipoanza, Magreti akafa mchana, mumewe akiwa amemshika mgongo ili aweze kukohoa.

Katika msiba, mtani ndiye mwenye kazi. Yeye ndiye huingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kitu, huigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kufoka, humtukana mfiwa mpaka mfiwa acheke katikati ya machozi na kifua kipate kufunguka. Watu wa kijiji walijua hivyo, na Wasagara wote walikuja. Lakini walikuja na heshima zao. Kaburi lilichimbwa kimya. Hakuna aliyeiba jembe, hakuna aliyezuia jeneza njiani. Makarius alisikia udongo unavyoanguka, donge moja moja, na hakukuwa na kelele yoyote ya kuufunika.

Siwema alikuwepo, kati ya wanawake, analia kama wanavyolia wengine. Baada ya mazishi alipanga mstari kutoa mkono wa pole. Alipofika mbele ya Makarius aliinamisha kichwa.

"Pole sana, Bwana Makarius. Mungu akutie nguvu."

Makarius hakumwachia mkono. Alimtazama usoni, akangoja. Nyuma yao mstari ukasimama.

"Siwema," akasema. "Nitukane."

Midomo ya Siwema ilitikisika kidogo, na kwa sekunde moja ilionekana kama lipo neno.

"Siwezi, Bwana Makarius."

Akautoa mkono wake taratibu, akaenda kukaa na wageni wengine.