Bakuli la Kukingia Damu

Juzi pale Kwa Sadala waliniwekea mbele bakuli la kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, nikasogeza kiti nyuma. Wenzangu walicheka, wakauliza Mchaga gani huyu.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mbuzi walichinjwa nyuma ya nyumba, juu ya majani ya migomba, na kazi yangu ilikuwa kukinga damu kwenye bakuli jeupe, huku nikiikoroga na chumvi isigande. Kwa hiyo mchana ule nilipoona baba ametandika majani ya migomba mezani, Popi, mbwa wetu, amelazwa hapo, amelegea, tumbo limevimba, na daktari wa mifugo ameshika kisu, nikajua. Nililia, lakini nikaenda kuleta bakuli.

"La nini hilo, binti?" daktari aliuliza.

"La damu."

Baba aligeukia ukuta. Hakuna aliyeniambia kwamba mbwa huweza kupasuliwa akapona, wala kwamba mbuzi wetu wa Krismasi alikuwa ameuzwa asubuhi ile ili daktari alipwe.

Daktari alilipokea bakuli, akatumbukiza humo alichokitoa tumboni: gunzi la mahindi, jeusi, linateleza, linanuka kuliko choo cha shule. Nilimtapikia viatu.

Popi alipona. Mama alilisugua bakuli kwa majivu, akalirudisha kabatini. Siku ya Pasaka akanipa kisusio ndani yake.

"Kula," alisema. "Limeoshwa."