Jina Alilolificha Mama Yibeltal

Moshi wa kuni za mikaratusi umejaa jikoni. Bi. Zenebech Ayalneh anakohoa huku akimimina uji wa nafaka ya tefu uliochacha juu ya kikaango kipana cha udongo, mkono ukizunguka kutoka ukingoni hadi katikati. Anafunika, anasubiri, anafunua. Chapati hii pana na laini ni injera ya sitini na mbili tangu alfajiri, na bado hoteli ya jirani inadai thelathini na nane.

"Mgongo huu si wangu tena," anasema. "Nimeuazima tu mpaka jioni."

Ana miaka hamsini na minne. Kila injera humwachia birr tatu, kama baridi ya mji wa Debre Birhan, kwenye milima ya Ethiopia, haikuuharibu uji. Ukiharibika, hasara ni yake.

Leo ni tarehe ishirini na moja, siku ya Maryam, mama wa Yesu, ambayo kanisa lao huiadhimisha kila mwezi, na zamu ya kuwakaribisha wanawake wenzake wa chama cha sala imemfikia. Kasisi wao mpya, Abba Mekuria, atakuja kubariki mkate. Na atauliza lile swali tena.

Miezi minane iliyopita mwanawe wa pekee, Yibeltal, mpaka rangi wa miaka ishirini na sita, alianguka kutoka ghorofa ya nne ya jengo alilokuwa akilipaka. Siku ya arobaini kasisi alitaka jina la ubatizo, ili amtaje marehemu katika sala. Mama akajibu, "Yibeltal."

Hilo ni la nyumbani tu. Kanisani mtu huombewa kwa jina alilopewa siku ya kubatizwa, na la kijana huyu lilitolewa kijijini, huko Menz. Kasisi aliyembatiza amekufa, baba yake wa ubatizo amekufa, na baba mzazi pia. Aliyebaki kulijua ni mama, na mama akafunga mdomo.

"Nilijua wakilitaja tu, basi, nimekubali kwamba harudi," anasema. "Halafu nilikuwa nimemkasirikia Mungu. Nikamwambia: mwana umechukua, jina hulipati."

Ni kosa, na mwenyewe hakatai. Lakini uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na asiyewahi kumzika mwanawe hana ubavu wa kumhukumu.

Kila tarehe ishirini na moja wanachama walipita kwake, naye hakuwafungulia. Walikaa nje, wakatafuna shayiri ya kukaanga, wakasali, wakaenda zao. Mwezi uliopita mmoja wao, Bi. Asnakech, ambaye amezika watoto wawili, uvumilivu ulimwisha akaupigia mlango kelele.

"Wee Zenebech! Sisi tushakuzoea, usipofungua tunakuja vilevile. Lakini mwanao utamkalisha nje ya kanisa mpaka lini? Hata mbwa wangu namfungulia!"

"Punguza sauti, utaamsha wafu!"

"Si ndiyo imani yenyewe hiyo, dada? Wataamka!"

Ndani, Zenebech alicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kisha akalia mpaka akaishiwa nguvu, akafungua mlango.

"Nilikuwa nimesahau kwamba hilo naliamini," anasema.

Saa sita mchana wanawake kumi na mmoja wamebanana sebuleni. Abba Mekuria anaubariki mkate, kisha anauliza kwa upole, "Tumtaje nani?"

Hakuna anayemwangalia mwenye nyumba. Bi. Asnakech anajifanya kutengeneza shela yake. Zenebech anainuka kwa kushika ukuta, anaubusu msalaba wa kasisi.

"Welde Gebriel," anasema. "Anaitwa Welde Gebriel, Abba. Nisamehe, nimekuchelewesha."

"Hujanichelewesha, mwanangu."

Kasisi analitaja jina hilo kwa sauti. Wanawake wanaitikia amina, na wengine wanashindwa kumaliza.

Wageni wakishaondoka, anarudi jikoni. Hoteli haijui siku ya Maryam. Mwaka wa msiba ukitimia, anasema, atapika injera mia mbili na kuwagawia maskini langoni mwa kanisa. Hizo hatauza hata moja.

"Nimechoka, na uchovu huu sidhani kama utaniacha," anasema, akipuliza moto. "Ila siku ya kufufuliwa watu watakuwa wengi mno. Nitasimama hapo nimwite kwa jina lake. Na ataitika."