Uvimbe Usiouma

Kwenye jumuiya yetu, sala ilipoisha, wanawake walinipa muda niwafundishe kujipima matiti. Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji, sina vifaa vya mafunzo kama vya chuoni, kwa hiyo nilipika ugali, nikauacha upoe, nikaficha punje ya mahindi ndani. Kila mmoja alibonyeza taratibu kwa vidole vitatu, akizunguka, mpaka aipate.

"Je, ulipobonyeza, uliuma?" niliuliza.

"Ugali unauma tangu lini!" mmoja akajibu, tukacheka sana.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Huku Ufipa ugonjwa tunaupima kwa maumivu. Anayeweza kuinua jembe na kufukia majani kwenye matuta tunamhesabu mzima. Lakini uvimbe wa titi mara nyingi huanza bila kuuma, ndiyo maana unatupita.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, hakucheka. Tulipobaki wawili tukiosha vyombo, aliushika mkono wangu akauweka kifuani pake. Niliuhisi uvimbe: mgumu, hausogei.

"Umeugundua lini, wifi?"

"Wakati wa palizi. Nikajua ni mpini wa jembe umenigonga."

Kesho yake tulikwenda Sumbawanga. Muuguzi alimpima kwa mikono, bure na kwa upole, kisha akatueleza yaliyobaki: kipimo cha picha, halafu kinyama kikatwe kwenye uvimbe, kipelekwe kupimwa Mbeya. Hivyo vyote ni vya kulipia, na wifi hakuwa na bima.

Tulipotoka tulipita foleni ya wajawazito wakisubiri huduma yao ya bure.

"Ningekuwa na mimba ningehudumiwa leo," wifi alisema. "Sasa kwa umri huu, nani atanipa?"

Tulicheka. Kisha tukashika njia ya stendi.

Nilitaka jumuiya ichange. Akakataa katakata. "Wananiona nalima kila siku. Nikiomba mchango kwa kitu kisichouma, watanisema." Akaamua kusubiri avune, auze mahindi.

Tuliporudi hospitali baada ya mavuno, ngozi ya titi ilikuwa imebonyea na kwapani kumevimba. Daktari alitueleza bila kuficha: ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye mapafu.

Ndipo nikaenda kwenye mkutano wa kata. Nilieleza kama ninavyowaeleza wanawake, hatua kwa hatua: halmashauri itenge fedha za kuwapima matiti wanawake wasio na uwezo, picha na kinyama pia, kwa sababu kuguswa kwa mikono peke yake kunamwambia mtu kwamba ana uvimbe, kisha kunamwacha nao.

Diwani alijibu kwa heshima kwamba bajeti ni finyu, na akina mama wenyewe hawajitokezi.

Wifi alikuwa amekaa kwenye mkeka pembeni yangu. Alisimama akiegemea bega langu.

"Mheshimiwa, mimi nilijitokeza. Nilifika hospitali nikiwa bado natembea vizuri. Nilirudishwa na bei."

Pumzi ikamkata, akakaa. Diwani alisema amelipokea ombi letu.

Wifi tulimzika kabla ya mvua za kwanza. Bajeti iliyofuata haikuwa na neno lolote kuhusu matiti.

Nimeomba tena nafasi ya kuzungumza kwenye mkutano ujao. Safari hii wanawake wa jumuiya wamesema sitakwenda peke yangu.