Wiki ya Baiskeli

Wapo madereva wa makamo ambao mpaka leo wakimwona mtu wa baiskeli mbele yao, mguu unatoka wenyewe kwenye mafuta. Ukitaka kulaumu au kushukuru, mtafute Mzee Breki. Yeye ndiye aliyewafundisha, na kabla ya kuwaruhusu kugusa usukani aliwapandisha baiskeli wiki nzima, wapende wasipende.

Shule yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri: benchi, ubao wa alama za barabarani, na nje gari dogo jeupe lenye pedali mbili za breki, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu. Hiyo ya pili ndiyo iliyompa jina. Kando ya gari iliegemezwa baiskeli nyeusi, nzito kama dhambi. Mwanafunzi mpya aliiendesha kwenye barabara kuu, kutoka kituo cha mafuta hadi posta na kurudi, mwalimu akimfuata taratibu na gari, taa za tahadhari zikiwaka. Meneja mmoja wa benki alipanda na tai yake shingoni. Siku mbili za kwanza alinuna, ya tatu akaanza kuwatukana wenye malori. Mzee Breki alipomsimulia mwenye shule, walicheka hadi chai ikawapalia.

Somo hilo hakulitoa kitabuni. Ujanani alikuwa dereva wa lori, tena mwenye sifa zake, na aliuamini sana ule msemo wa mwenye nguvu mpishe. Asubuhi moja alimpita mwanamke aliyefunga trei za mayai kwenye keria ya baiskeli. Hakumgusa, na hilo atakuapia hata leo. Upepo wa lori ndio uliomtupa mtaroni. Dereva alisimamisha lori, akarudi mbio, akamkuta mama wa watu ameketi katikati ya ute na maganda, goti linavuja damu, chozi hana. Akaanza kujitetea kwamba hakumgusa. Yule mama alimsikiliza mpaka maneno yakamwishia.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," akamwambia. "Siku moja panda wewe, halafu uje uniambie hukunigusa."

Jumapili iliyofuata aliazima baiskeli ya shemeji yake, akaenda barabara ileile. Lori la kwanza lililompita lilimkata pumzi. Alirudi nyumbani kwa miguu, baiskeli anaikokota. Mwaka haukuisha, akaacha lori na kuingia ualimu.

Ile miaka ilikuwa mitamu, asikudanganye mtu. Jioni akirudi nyumbani kwa baiskeli yake, hakuwa na haja ya kutazama nyuso za madereva. Gari likipunguza mwendo nyuma yake, likasubiri kwa subira, kisha likampita kwa mbali, alijua tu: huyo wangu. Kuna siku alihesabu tisa kabla hajafika kwake. Aliingia ndani akiimba, na mama watoto akamuuliza kama amelewa. Siku hizo ndizo anazozikumbuka sasa, na kuzikumbuka kunamuuma.

Kwa maana rafiki yake mwenye shule alifariki, na binti yake akairithi. Binti huyo alikuwa akimwita Mzee Breki baba mdogo tangu anajifunza kutembea. Alimwandalia chai, akamweleza kwa adabu zote kwamba shule nyingine zinamaliza mafunzo kwa siku kumi, watu wazima wanaona haya kutokwa jasho barabarani, na wazazi wanalalamika. Wiki ya baiskeli ingekoma.

"Sikufukuzi, baba mdogo," alisema. "Nakuomba tu ufundishe gari."

Mzee Breki alikasirika, ila mtoto wa rafiki yako akikuomba, utasema nini? Zaidi ya hapo, alijidanganya. Baada ya miaka thelathini aliona mdomo wake unatosha, kwamba kile alichokuwa akikifundisha kwa upepo wa malori anaweza kukifundisha kwa maneno. Hapo ndipo alipokosea, na mtu wa kumkosoa hakuwepo, kwa kuwa aliyeijua kazi hiyo vizuri alikuwa ni yeye mwenyewe.

Wa kwanza kufunzwa bila baiskeli alikuwa fundi cherehani, mwanamke mcheshi aliyenunua kigari cha kupelekea wateja sare za shule. Mguu wake ulishazoea pedali ya cherehani, hivyo klachi haikumsumbua hata kidogo. Mwalimu alimweleza habari ya kumwachia mtu wa baiskeli mita moja na nusu, naye akaiandika kwenye daftari lake, chini ya vipimo vya viuno na mabega. Mtihani aliufaulu mara ya kwanza. Mzee Breki alimpenda kama mwanawe wa kumzaa.

Wiki tatu baadaye, jioni, mzee anaendesha baiskeli kurudi kwake, honi ikalia nyuma yake, ndefu, ya furaha. Kabla hajageuka, kioo cha pembeni cha gari kikamgonga kiwiko, na baiskeli ikaingia naye mtaroni, tope hadi magotini. Dirishani ukatoka mkono unaopunga.

"Mwalimu!" sauti ya fundi ikaita, na kigari kikaenda zake.

Na yeye, palepale mtaroni, akanyanyua mkono akampungia.

Nyumbani alidai ameteleza. Mama watoto alikitazama kile kiwiko, akauliza mtu anatelezaje kwenye barabara kavu. Ikabidi aseme yote.

"Sasa mimi unaninung'unikia nini?" mkewe akamjibu. "Mimi siendeshi gari. Nenda kwa mwenyewe."

Kesho yake asubuhi alikwenda, na baiskeli yake. Kama binti wa rafiki yake atasikia, na asikie. Fundi alimpokea kwa shangwe, akamuuliza kama jana alimwona. Mzee akakubali kwamba alimwona, kisha akasema kuna somo moja hakumpa, na kosa si la mwanafunzi. Fundi alicheka, akamkumbusha kwamba leseni anayo tayari. Lakini mwalimu ni mwalimu. Alikunja sketi, akapanda, na mzee akamfuata na kile kigari, taa zinawaka.

Hawajafika mbali, lori la kokoto likampita fundi. Baiskeli iliyumba, akakanyaga chini kwa mguu mmoja, akabaki ameshikilia usukani kwa nguvu hata baada ya lori kupotea. Mzee alishuka akamfuata. Safari hii fundi hakucheka.

"Mwalimu, jana nilikupita karibu hivi?"

Mzee Breki alitamani kumdanganya.

"Karibu zaidi."

Fundi alikiangalia kiwiko cha mzee, kilichovimba, kisha akamwangalia usoni, machozi yakimlengalenga.

"Na wewe ukanipungia mkono."

"Nilifurahi kukuona," mzee akasema.