Siku Niliyotolewa Kaburini kwa Baba Mkwe

Wapo waliochanikiwa suruali harusini, wapo waliotuma ujumbe wa mapenzi kwenye grupu la ukoo, na wote hao nawaonea wivu, kwa sababu mie aibu yangu ilinikuta ndani ya kaburi. Kaburi la baba mkwe. Niliingia kwa miguu yangu, nikatolewa na watu wanne, na marehemu alikuwa bado hajafukiwa. Nikisema nimeshaizoea hadithi hii nitakuwa nawadanganya. Naisimulia tu kwa kuwa wengine huisimulia vibaya zaidi.

Niwaeleze kwanza mie ni nani, msije mkadhani nilikuwa mgonjwa. Nina jimu ndogo uani kwangu, Yombo, mabati juu mchanga chini, vyuma vingine ni vya dukani na vingine ni saruji tuliyoimimina kwenye makopo ya rangi tukachomeka bomba katikati. Wanaokuja ni watu wa kawaida, mafundi, wauza mitumba, dada mmoja wa saluni, na kazi yangu ni kuwaelekeza polepole, mgongo ukae vipi, pumzi itoke lini, lini uache hata kama rafiki yako anaendelea. Sijawahi kumcheka mtu anayeanza. Njoo na kitambi chako, tutaanza na ndoo ya maji.

Sasa, miezi ile nilikuwa nimekolewa na ishu ya kufunga. Sisemi saumu ya dini, hapana, hii ni ya kupunguza mafuta: maji matupu na chumvi ya kulamba, basi, wiki nzima, na huku unaendelea kupiga chuma kama kawaida ili mwili ule mafuta uiache misuli. Nilikuwa nimeiona kwenye simu, nikajaribu kidogo, nikajaribu tena zaidi, nikaona mwili unakubali. (Na ni kweli njaa yenyewe hukata baada ya muda, hubaki harufu ya mdomo, na hiyo aliyeivumilia ni mke wangu.) Nikawatangazia wanafunzi wangu kwamba safari hii naenda wiki nzima, na nikimaliza, Jumapili, nitanyanyua mbele yao uzito uleule niliounyanyua kabla ya kuanza, ili waone kwamba nguvu haikai tumboni. Walikuwa wananiuliza kila jioni, kocha bado upo? Nami najibu nipo, huku nimekaza kifua.

Zilibaki siku mbili, mzee akafariki.

Mke wangu Zuhura ni Mzaramo wa Mbagala, na baba yake, Mzee Mshamu, alizaa mabinti watupu. Mie ni Mnyamwezi wa Tabora. Kwa asiyejua, makabila yetu haya mawili ni watani, na utani wetu haulali, msibani ndiyo kabisa unachachamaa, na haukasirikiwi. Tangu nioe pale waliniita mpagazi, kwa vile babu zetu walibeba mizigo ya watu kutoka bara mpaka pwani. Nilikuwa nacheka nao. Ukitaniwa maana yake umo.

Asubuhi ile simu ilipokwisha kuleta habari, Zuhura alilia, akanawa uso, akaja kukaa karibu yangu.

"Baba Nasri," alisema, "baba hana mtoto wa kiume. Wa kuingia kumpokea ni wewe. Nimeshamwambia baba mdogo."

"Nitaingia."

"Basi leo ule. Hayo mambo yako ya maji yaache, utaanza upya siku nyingine."

"Nitakula."

Alinitazama kidogo, kama mtu anayehesabu chenji, kisha akaenda kutafuta mtandio.

Kumpokea ni hivi: watu watatu wanashuka kaburini, wanapokea maiti kutoka juu, wanailaza katika mwanandani, ule mfuko unaochimbwa ubavuni mwa kaburi kule chini, marehemu akielekea Kibla. Kwa kawaida ni kazi ya watoto wake. Mkwe kuitwa, tena mtu wa kuja, ni kuambiwa mbele ya Mbagala nzima kwamba wewe ni mtoto wa nyumba hii. Binamu zake Zuhura wapo waliotaka wawe wao. Alinipigania, na alichotaka kwangu ni nile.

Sikula. Nataka mnielewe hapa, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kilipoanzia. Tulipofika msibani Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu, aliniletea kikombe cha uji wa mchele, cha moto, kina pilipili manga, akanipa mkononi mwenyewe. Nikakishika. Nikaona siku zote zile nilizovumilia zinaishia kwenye kikombe, nikamwona yule dada wa saluni akiniuliza kocha bado upo, nikamwambia shangazi, "Ahsante, nimekula nyumbani." Nikakiweka kwenye jamvi. Kikombe kimoja tu, na ningekinywa msingekuwa mnanisikiliza sasa.

Saa za kula wali zilipofika nikashika chupa yangu ya maji. Baba mdogo Kibwana, mdogo wa marehemu na msimamizi wa shughuli yote, akaniona.

"Mtazameni mpagazi," alisema kwa sauti ya watu wote. "Anatuogopa. Anadhani akila cha Wazaramo ataamka ana mkia."

"Muacheni, mkia ataufichia wapi na kaptura zake zile za mazoezi," akadakia mwingine.

Jamvi zima likacheka. Ulikuwa utani, lakini nilimwona shangazi, aliyekuwa akipita na sinia, ametupa jicho kwenye kile kikombe kilichopoa. Hakucheka. Kukataa chakula cha watu katika nyumba ya msiba si jambo dogo, mtu anaweza kuwaza mengi, na mie badala ya kumega matonge mawili maneno yaishe, nikaona dawa ni kuwaonyesha kazi. Nikavua kanzu nikaenda kuchimba.

Nilichimba vizuri, nisijinyime. Udongo ulikuwa mgumu na wenzangu walipokezana, mie sikupokelewa. Shomari, binamu wa Zuhura, akasema, "Braza, kumbe hizo nguvu ni za kweli," na hilo neno likanishibisha kuliko wali. Jasho lilinitoka kama nimemwagiwa, nikaongeza maji, chumvi nilikuwa nimeisahau nyumbani. Kisha nikaoga, nikavaa kanzu, tukaenda kuswali adhuhuri, na nilipoinuka kutoka sijida msikiti mzima ulizimika kama umeme umekatika. Ukarudi. Nikajiambia ni joto.

Hapa mniache kidogo nifanye kazi yangu ya ualimu, kwa sababu wengi huniuliza ilikuwaje mtu anayenyanyua vyuma ashindwe kusimama. Misuli yangu haikuwa na kasoro. Ukikaa muda mrefu bila kula mwili hutoa maji na chumvi nyingi, na ukitoka jasho juu yake unabaki na upungufu usiouona. Ukiwa jimu huuoni kwa kuwa upo kivulini, unanyanyua mara chache, unapumzika, wewe ndiye unayeamua. Lakini chuchumaa kwenye joto halafu simama ghafla, damu itachelewa kufika kichwani, na kichwa kikikosa damu misuli inakusaidia nini. Nilikuwa nayajua hayo. Nilishawahi kumweleza mtu.

Jeneza nililibeba kutoka msikitini mpaka makaburini, begani, sikulipokeza ipasavyo (kubeba jeneza ni thawabu, mtu hupaswa kuwapa wengine nafasi, mie nikawa bahili hata wa hilo). Baba mdogo Kibwana akashuka kwanza upande wa kichwa, Shomari miguuni, akaniita mie katikati. "Shuka, mwanangu," alisema. Si mpagazi. Mwanangu. 

Chini kulikuwa na joto la kubana, na juu wameshika shuka kuziba jua na macho ya watu, kwa hiyo hata upepo hakuna. Tukampokea. Alikuwa mwepesi, mzee wa watu, ugonjwa ulishammaliza. Tukachuchumaa pamoja, tukamwingiza nusu katika mwanandani, Kibwana akasema tuinuke kidogo tumgeuze vizuri. Niliinuka kidogo.

Sikumbuki kuanguka. Nakumbuka harufu ya ubani karibu mno na pua, na kitambaa cheupe, na sauti ya Kibwana ikisema, "Rajabu. Rajabu, toka juu yake." Nilikuwa nimemlalia. Baba mkwe, sanda na yote, na uzito wangu wote ninaousifia, nimemlalia kifudifudi, mikono haiitiki. Shomari alikuwa ameweka magoti kuzuia mwili usiteleze. Juu watu wakaachia shuka likatuangukia, wengine wakarudi nyuma, nikasikia mtu akisema marehemu amemvuta, jamani, kamvuta mkwewe.

"Mtoeni kwanza," alisema shehe. "Huyo aliye hai mtoeni kwanza."

Wakanishika makwapa na nguo. Na kanzu ukiivuta kwa juu inakuja yote. Ilinifunika kichwa, na ndani, kwa kuwa sikuwa nimefua, nilikuwa nimevaa kaptura ya mazoezi ya kubana, ya kijani inayowaka, basi wanaume wa Mbagala waliokuja kumstahi mzee wao wakaiona hiyo ikipanda polepole kutoka kaburini kabla hawajaona uso wa mtu. Nikalazwa kwenye udongo nilioutoa mwenyewe. Mtu akanitia mdomoni soda ya machungwa. Niliinywa yote, kwa pupa, inanimwagikia shingoni, wakati mle ndani wenzangu wawili wanamalizia kazi ya watatu.

Mzee mmoja jirani, mtani hasa, akasema taratibu, "Tumeleta mmoja, tumetoa mmoja. Hesabu imebaki palepale."

"Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora," akajibu mwingine. "Huyu kabeba hewa."

Watu walicheka huku wameinama, maana ni makaburini. Nami nilitamani kucheka, nikashindwa.

Shomari alitoka kaburini akaja kuchuchumaa kando yangu. "Braza, umekula leo?"

Nikatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

Nilipomwambia, akanyanyuka, akaenda kuchukua jembe.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Zuhura alikuwa ndani na wanawake wenzake, akatoka, tukasimama kando ya banda la kuku.

"Ulikula?"

"Zuhura, sikiliza nikueleze."

"Nimekuuliza kitu kidogo."

"Sikula."

Alikuwa halii. "Ungeniambia tu hutakula," alisema. "Ningemwambia baba mdogo atafute mtu mwingine. Baba asingelaliwa."

Angenitukana ingekuwa nafuu. Nilikwenda kwa shangazi kuomba radhi ya uji, akanipokea vizuri, akaniambia yamekwisha, mwanangu, akanipa chapati mbili nikazila mbele yake, na siku ya arobaini nikasikia bado anawaambia wageni kwamba mkwe wao huwa hali kwao, ana sababu zake. Jumapili ile sikunyanyua kitu. Baadhi ya wanafunzi waliacha kuja. Waliobaki nawaambia ukweli: kama unataka kufunga funga kwa kiasi, mwambie daktari, mwambie na mkeo, na siku watu wanapouhitaji mwili wako, kula. Mie sifungi tena hivyo, na ninapoombwa kubeba chochote cha mtu husema kwanza nimekula nini. Wanadhani natania.

Mwaka huu alifariki baba mkubwa wake Zuhura, kulekule Mbagala. Asubuhi nilikunywa uji vikombe viwili, nikala wali na maharage, nikahakikisha shangazi ananiona. Ulipofika wakati, baba mdogo Kibwana alisimama kutaja watakaoshuka. Akamtaja Shomari, akamtaja binamu mwingine, macho yake yakapita kwangu kama yanavyopita kwenye ukuta, akamtaja jirani. Hakuna aliyenitania. Nilingoja hata mmoja aniite mpagazi, ikawa heshima tupu, kisha Shomari akaja na kiti cha plastiki akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Shemeji, wewe pumzika hapa kivulini," alisema.

Nikakaa. Nilikuwa nimeshiba, nina nguvu zangu zote, na hapakuwa na mtu aliyezihitaji.